Kaseti ya Mama Iliyogoma Kusema

Kambi ya chai,
Mufindi

Dada yangu Adivera,

Shikamoo, dada. Nakusalimu wewe kwanza, halafu shemeji, halafu watoto wote waliomo nyumbani. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayaona humu humu. Mama anaendeleaje? Uliandika kwamba miguu imevimba hadi magotini na kwamba zahanati wamemwandikia aende hospitali. Alikwenda? Anakula? Nijibu hili kabla ya jambo lingine lolote, hata kama ni mstari mmoja.

Kaseti ilinifikia, ila ilikaa njiani miezi miwili. Yule dereva wa lori la kahawa uliyempa aliiacha kwa ndugu yake Bukoba, na huyo ndugu akakaa nayo mpaka alipopata mtu wa kuja huku. Niliikuta imefungwa kwa uzi pamoja na karatasi yako: "Mama amekusemea mwenyewe. Alinitoa nje, akafunga mlango. Sijui alichosema."

Dada, unajua kwamba tangu nimzike mdogo wetu Eliasi huku, miaka saba, mama hajanijibu neno. Mimi ndiye niliyemtoa kijijini kwetu Nyakatuntu nikimwambia kwenye chai kuna kazi. Na mimi ndiye niliyerudisha nguo zake ndani ya begi bila yeye. Siku ile mama alilipokea begi, akaingia nalo chumbani, akakaa humo mpaka nikaondoka. Nimemwandikia barua nyingi tangu hapo. Kimya. Basi nikasema, kama ni laana niisikie, na kama ni msamaha niusikie.

Nilitia mawe mapya ya betri kwenye redio yangu, nikaiweka kaseti. Iliyotoka haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa kama vifaranga waliopotelewa na mama yao, kelele nyembamba za haraka haraka, mara zikaisha. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Niliomba pamba na spiriti kwenye zahanati ya kambi, nikasafisha kichwa cha redio. Vifaranga. Nikaizungusha kaseti yote kwa kalamu ya risasi, mbele na nyuma, nikidhani mkanda umekaza. Vifaranga walewale. Nikaenda kwa msimamizi wetu wa kiwandani, ana redio kubwa ya umeme. Alikuwa ameketi na wageni. Ilipoanza tu akaangua kicheko.

"Festo, siku hizi unarekodi panya?"

"Ni mama yangu," nikasema.

Mgeni mmoja alishindwa kujizuia, akaziba mdomo kwa kiganja. Nikachomoa kaseti yangu nikatoka bila kuaga.

Nikaomba ruhusa ya siku moja nikampelekea fundi wa redio mjini Mafinga. Mashine yake ikaula mkanda. Aliutoa umekunjamana kama utumbo wa kuku, mahali pamoja umekatika.

"Hii imekufa, ndugu yangu. Tupa."

"Ina maneno ya mama."

"Basi mwambie arekodi tena."

Ningemweleza nini? Kwamba mama mwenyewe huenda hayupo? Niliketi kwenye kibaraza chake nikaunyoosha mkanda kwa kidole, kipande kwa kipande, na nyumbani nikaunga palipokatika kwa rangi ya kucha ya mke wa jirani. Wiki ile sikula vizuri. Kiwandani nilisahau kujifunga mkono wa shati, kidogo mashine ya kusaga majani inivute. Siku moja nilisimama mbele ya tanuri la kukaushia chai, kaseti mkononi. Nilitaka tu iishe, dada. Nilitaka nisiwe tena na kitu cha kungojea. Mwenzangu wa zamu akaniita nilete kuni, ndipo nikairudisha mfukoni.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuwa nafua nguo. Redio inaimba kaseti ya kwaya. Mawe yakaanza kuisha, na kwaya nayo ikaanza kujiburuta, sauti za wanawake zikawa nzito kama za wazee waliokesha kwenye pombe ya rubisi. Nikasimama na povu mikononi. Nikaikumbuka redio ya Mzee Bigirimana, jirani yetu, anavyoanika mawe yake juani wiki nzima kabla hajakubali kununua mengine. Si ndiyo uliyoazima? Ulimrekodi mama kwa mawe yaliyochoka! Redio ilizunguka polepole ikamnasa hivyo, na mimi huku kwenye mawe mapya namkimbiza.

Nikachomoa kwaya, nikaiweka yake. Mara hii ilikuwa nzito mno, kama dume la ng'ombe linaguna. Lakini alikuwa mtu! Nikapita nyumba kwa nyumba kambini naomba mawe machovu. Watu walinitazama kama nimerukwa na akili, maana mtu huomba mazima. Nikarudi na kofia imejaa. Nikawa nabadilisha, hili zima, hili chovu, nasikiliza, natoa. Mwisho nikapata moja zima na matatu machovu. Kikatoka kikohozi. Kikohozi chake, dada, kile cha moshi wa jikoni.

Alisema kwa Kinyambo chetu. Nakuandikia maana yake kama nilivyosikia.

"Festo, mwana wange. Barua zako zote ninazo, zimo ndani ya begi la Eliasi. Hakuna aliyezisoma. Adivera aliomba nikamkatalia. Niliogopa zinasema tena kwamba amekufa. Nilishasikia mara moja, inatosha. Watu wanasema nakuchukia. Sikukuchukia. Siku ile ulipoingia uani peke yako nilikaa natazama nyuma yako, maana mlikuwa mnatembea pamoja siku zote. Ndiyo sababu sikukutazama wewe. Sasa miguu imekataa. Njoo unisomee mwenyewe, zote, nitasikiliza. Na ukija..."

Hapo ndipo mkanda ulipoliwa. Nimesikiliza mpaka masikio yanauma; ni mkwaruzo tu. Baada yake anasema kwa nguvu, "Adivera! Njoo uzime kitu hiki!" Basi. Na ukija nini? Nilete nini, nifanye nini? Sitajua mpaka nimuulize. Nililia pale uani na nguo zangu kwenye beseni, watu wanapita.

Dada, kwa nini hukuniambia barua hazisomwi? Miaka saba nimeamini amesikia kila neno nililomwomba akanikatalia. Sikulaumu. Najua alivyo akikataza jambo. Lakini laiti ungeniambia.

Msimamizi amekataa kuniachia mpaka mtu wa zamu yangu arudi, wiki mbili. Nimemwambia siku hiyo nitaondoka hata asiporudi. Barua hii anakuja nayo mwalimu mmoja wa huko kwetu Rubwera anayesafiri kesho. Nimemwapisha asimwachie mtu yeyote njiani, aifikishe mkononi mwako.

Usimsomee mama barua hii yote. Mwambie hivi tu, kwa Kinyambo, karibu na sikio: Festo amesikia. Anakuja kusoma. Mpelekeni hospitali, mbebeni kwa machela mkishindwa gari, akikataa mwambieni ni mimi nimesema. Akiuliza bado siku ngapi, mwambie chache. Kila akiuliza, mwambie chache.

Nisalimie baba mdogo Zakaria, mwinjilisti wetu, aendelee kumwombea. Nisalimie shangazi Yustina na kibanja chake cha migomba. Mwambie Mzee Bigirimana nashukuru kwa redio yake, ila aache kuanika mawe. Shemeji nampa mkono, watoto nawashika vichwa.

Ni mimi mdogo wako, niliye njiani kwa moyo,

Festo