Fundi, Baiskeli Yako Imenyeshewa Njia ya Kaengesa

Fundi Kasiano,

Shikamoo huko uliko. Nianze na habari kubwa kabla sijapaliwa nayo: kuanzia Chanji mpaka Milanzi, hakuna mtu mwenye bahati kama mimi Desderi. Lile boksi lako la spana ni langu! Mkeo Mama Feli amenikabidhi jana asubuhi, kwa mikono miwili, mbele ya watu. Na mimi unanijua, nimefika Tunduma, nimevuka mpaka, nimekula ugali wa Wazambia nikarudisha sahani tupu, lakini siku kama ya jana sijaiona.

Wewe hujui habari za boksi, ulishaondoka. Tulipotoka kukuzika nililia sana, Fundi, mpaka katekista akanishika bega akaniambia nipunguze, wanafamilia nao wana zamu yao. Nikajua boksi litakuja kwangu tu, nani mwingine? Mama Feli akalisukuma chini ya kitanda. Akaniambia, "Desi, kulia siyo ufundi. Chukua baiskeli yake utembelee. Siku utakayoitoa kwenye mvua na matope ikawa kama alivyokuwa anaitoa yeye, njoo uchukue boksi. La sivyo nitampa mtu mwingine, na kibaraza hiki pia."

Mwaka mzima nimekaa pale kibarazani kwako na pampu na spana moja ya kuazima. Mtu analeta friwili imekufa, namwambia subiri, namsimulia habari za Tunduma, anachoka, anaondoka. Fundi wa kupuliza tairi, ndiyo jina walilonipa.

Basi Jumapili ilikuwa misa yako ya mwaka kule kwenu Kaengesa. Mama Feli na ndugu wakapanda basi. Mimi nikasema siendi kwa basi hata kwa dawa, naenda na baiskeli ya mwenyewe, na msalaba wako mpya naubeba mimi. Nikaufunga kwenye keria, nimeuvika mfuko wa mbolea usilowe. Fundi, ungeniona! Baridi ile yetu ya asubuhi, koti nimefunga mpaka kidevuni, upepo unanisukuma kwa nyuma, ile baiskeli inateleza kama imepigwa sabuni. Nikampita mtu wa pikipiki! Sawa, alikuwa amesimama anajisaidia, lakini nimempita.

Halafu mvua ikashuka. Siyo manyunyu, mvua yenyewe. Ile sehemu ya kuacha lami kuingia misheni imekuwa uji wa ulezi, tairi inazunguka lakini haiendi. Kulikuwa na kijana mmoja wa Kisukuma anavusha ng'ombe, akaniangalia akacheka, "Mshikaji, hiyo ni baiskeli au jembe la kukokota?" Nikamjibu ni baiskeli ya Fundi Kasiano, uliza Sumbawanga yote. Akasema hamjui. Nikamwambia pole, umepitwa.

Nilifika misa imefika kwenye mahubiri. Msalaba mkavu kabisa, mimi nimelowa mpaka kwenye mawazo. Tuliusimamisha, tukaongeza udongo pale kichwani maana palikuwa pamedidimia. Nilitaka kukuambia kitu pale, lakini watu walikuwa wengi. Ndiyo maana naandika.

Mama Feli aliiangalia baiskeli ilivyoegemea ukuta wa kanisa, matope mpaka kwenye kiti. Akasema tu, "Haya, kesho asubuhi nitakuja kuiona."

Nikarudi mbio. Unakumbuka wiki yangu ya kwanza kwako? Mvua ilinyesha, ukaniambia paka cheni mafuta, na mimi na darasa langu la tano sikuuliza mafuta gani, nikapaka mafuta ya nguruwe niliyoyatoa kwa mama nyumbani. Mbwa wa Milanzi walinifuata njia nzima! Wanalamba huku naendesha! Ukacheka mpaka ukakaa chini, ukasema, "Desi, umepaka cheni au umeunga mboga?" Na ile siku nilipoipeleka kwa wale waosha pikipiki, wakaipiga maji ya mashine. Siku hiyo hukucheka. Ulisema, "Maji ya nguvu yanasukuma uchafu mahali ambapo ulikuwa haujafika." Ukanifanya nifungue ekseli zote mbili za magurudumu, gololi moja moja, nizifute kama vikombe vya harusi.

Kwa hiyo Jumapili nilifanya kwa kufuata sauti yako. Sikusubiri matope yakauke. Ndoo ya maji, nikamwaga taratibu kutoka juu, hakuna kusukuma. Nikasugua rimu na breki kwa tambara lake lenyewe, lisilojua mafuta. Nikaipindua miguu juu, nikachomoa kiti, maji yaliyokuwa ndani ya fremu yakatoka kama mtoto anakojoa. Cheni nikaisugua kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka pini zikaonekana, nikaifuta, nikaiacha ikauke kabisa. Ule ulikuwa ugomvi wetu wa kila siku, mimi nina haraka, wewe unasema, "Ukipaka mafuta juu ya maji umefungia kutu ndani, umeipa na blanketi." Ndipo nikatia oili, tone moja kila pini, moja, moja, nazungusha pedeli kwa mkono. Halafu nikaifuta tena yote ya nje, kama nimejuta. Zamani nilikuwa naona unaharibu oili. Sasa najua: ya ndani ndiyo inafanya kazi, ya nje inakusanya vumbi tu.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomaliza. Inang'aa! Muuza chapati wa jirani akaniuliza nimenunua mpya wapi.

Jana asubuhi Mama Feli akaja na kile kitambaa chako cheupe, kile ulichokuwa unapitisha kwenye cheni kabla mteja hajaondoka. Watu wamejaa, mimi nimevaa shati la misa. Akakishika kwa vidole viwili, akazungusha pedeli, cheni ikapita raundi nzima ndani ya kitambaa. Akakifungua. Fundi, doa dogo kama nzi alitua akaondoka! Muuza chapati akapiga vigelegele, mimi nikainama kama askofu.

Halafu Mama Feli akakiweka kitambaa begani, akainua baiskeli kwa nyuma, akazungusha pedeli tena, sasa kwa nguvu, akainamisha sikio. Kwru. Kwru. Kwru.

"Desi, huku katikati ya pedeli umefungua?"

Nikamwambia huku maji hayakufika, mama.

"Miaka yote nimeishi na mtu aliyekuwa anaisikia sauti hii akiwa ndani anakunywa uji, anauacha uji anatoka nje. Mimi sina spana lakini nina masikio. Umefungua, hujafungua?"

Sikufungua. Na siyo kwamba nilisahau, na siyo uvivu, japo uvivu ninao wa kutosha na kugawia jirani. Jumapili ile ile nilishaweka spana pale. Ile ekseli ya kati uliifungua wewe mara ya mwisho, ile wiki kabla hujalazwa, umekaa kwenye kigoda unakohoa, grisi umeipakaza kwa kidole chako cha shahada kwa sababu ulisema kijiti hakina akili. Hiyo grisi imo. Alama ya kidole chako imo humo ndani, Fundi. Nikifungua nitaifuta. Nikaondoa spana.

Sikumwambia Mama Feli hivyo mbele ya watu. Lakini nadhani alijua, maana hakunifokea. Alisema tu, polepole, "Na yeye asingeiacha iliwe."

Kesho asubuhi nafungua. Nakuahidi. Nitatoa gololi zote, nitazifuta kama vile vikombe vya harusi, nitapaka grisi mpya kwa kidole changu mimi, na hilo tambara lenye grisi yako nitalifua kama matambara mengine, sitaliweka sandukuni kama masalia ya mtakatifu. Labda nitalinusa kidogo kwanza. Usinicheke.

Lala salama, Fundi wangu. Udongo wa pale kichwani nitakuja kuuangalia mvua zikiisha, na nitakuja na hiyo hiyo baiskeli, na haitapiga kelele.

Boksi sikupewa. Nilikudanganya.

Desderi wako