Siku ya Kumtaja Placide

Jumanne, 15 Oktoba 1946

Yaya Placide amekufa. Kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Naandika polepole nione kama itaniuma. Bado.

Mtu aliyerudi kutoka kambi ya waliofukuzwa alishuka mtumbwini Nyangwe, akaja kwa miguu mpaka kwa mama hapa Kasongo. Homa, alisema. Wakati wa Pasaka. Mama akauliza kaburi liko wapi. Akajibu kwamba kule hakuna kaburi la mtu mmoja mmoja, ni majani tu.

Tangu Pasaka! Na mimi kila jioni nikimwombea afya.

Mama Mwamvita, jirani wa mama, Mwislamu, alikuja mpaka uani kwa biro, ofisi ya serikali ninapofanya kazi ya karani, akaniita kwa mkono. Aliniambia huku amenishika shati. Nikasema, "Asante, mama." Nikarudi kwenye mashini ya kuandika. Nilimaliza ukurasa bila kosa. Jioni nilikula ugali wote na samaki.

Jumatano, 16 Oktoba

Biro hawajui. Katika kitabu changu cha serikali kimeandikwa kijiji cha mjomba Dominique, kwa sababu ndiye aliyenipeleka shule ya misheni. Yaya alikuwa mbali, Wamaza, teritwari ya Kabambare, mwalimu wa dini. Wazungu hawakutuunganisha. Watu wa kanisa wanajua wote na hakuna aliyesema. Nawashukuru kila siku. Nawaogopa kila siku.

Kosa lake? Kule Wamaza, Jumapili baada ya sala, mwalimu wa dini husimama na kusoma matangazo ya serikali: pamba, barabara, kodi. Jumapili moja yaya alikataa. Alisema altare si baraza. Jumapili iliyofuata akakataa tena. Basi ikasemwa kwamba yeye ni Kitawala, ile dini iliyokatazwa. Yeye! Aliyenifundisha Salamu Maria nikiwa bado sina meno ya mbele! Akafukuzwa kwao, akapelekwa kambini.

Karani mwenye ndugu wa Kitawala hakai kwenye kiti hiki hata siku moja. Pengine anamfuata ndugu yake.

Leo nilisahihisha hesabu za pamba. Hakuna kilichonipita.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya misa nilikwenda kwa mama. Matanga. Analala chini, kwenye mkeka, kando ya mafiga. Hali chumvi. Wanawake wa kanisa wanakaa naye kwa zamu, wanaimba nyimbo za Kwaresima ingawa Kwaresima iko mbali.

Nikakaa. Nikangoja machozi. Hakuna. Mama Ernestine, mkubwa wa wanawake, alinitazama kutoka kichwani mpaka viatu.

"Karani wetu," akasema, "macho yako nayo serikali imeyafunga kwa kufuli?"

Wakacheka kidogo. Hata mama. Mimi pia nikacheka. Lakini najua kinachosemwa juu ya mtu asiyemlilia ndugu yake — kwamba ndiye aliyemla.

Matanga haya hayaishi mpaka Siku ya Marehemu, tarehe mbili mwezi ujao. Ni desturi ya kanisa letu, iliota humu humu na mapadri wakaiacha iendelee. Watu wote wanakwenda makaburini. Katika kila nyumba iliyofiwa, mwanamume mmoja anapaza jina la maiti wake, mara moja tu. Kanisa lote linajibu: "Tumesikia." Basi. Hapo mama wa marehemu ananyolewa, anaoga mtoni, anarudi kitandani, anakula chumvi. Jina lisipotajwa, anangoja chini pale mwaka mwingine.

Na anayetaja ni mtu wa tumbo moja. Yaani mimi.

Jumatano, 23 Oktoba

Bwana Ajenti, Muzungu wa biro yetu, ameniita. Sisi tunamwita Bwana Mapema, kwa sababu anafika biro kabla ya polisi wa zamu. Ni mgeni. Kiswahili chake ni "maji" na "upesi". Si mtu mbaya, haniiti nyani. Amesikia kwamba watu wanataja majina ya wafu hadharani, na kwamba mwaka jana upande wa Kabambare yalitajwa majina ya waliofukuzwa. Mwaka huu atakuja kusikiliza mwenyewe. Nitasimama kando yake, nimwambie kila jina ni la nani.

Akauliza desturi ikoje. Nikaeleza. Kifaransa changu kilikuwa kizuri sana! Nikasema anayetaja ni mtu wa tumbo moja na marehemu, ikiwa yupo. Mjomba hataji ila pale ambapo ndugu hakuna. Aliandika yote. Alinisifu.

Nilipotoka nje ndipo nikajua nilichofanya: nimemfundisha kumtafuta ndugu wa yaya. Nilisimama barazani. Hata hofu ilichelewa kufika.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimemweleza mama. Nilisema taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. Kwamba Muzungu atakuwa ubavuni mwangu. Kwamba jina la yaya liko katika karatasi za serikali. Kwamba nikilitaja mimi, ataniuliza ni nani wangu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Kinywa iko yako, mutoto wangu. Mimi sina nguvu ya kuifungua."

Mjomba Dominique akaingilia. "Nitamutaja mimi. Niko na kikohozi. Nitaweka jina katikati ya kukohoa, Muzungu atafikiri ni kifua."

"Tumbo la kuazima!" akasema Mama Ernestine.

"Afazali la kuazima, kuliko dada yangu Apolline kulala chini mwaka muzima," mjomba akajibu.

Sikuwaambia kwamba nimekwisha kumweleza Bwana Mapema habari ya mjomba na ndugu. Kinywa changu kilikuwepo. Kilikunywa chai ya mama.

Mzee Emile, kiongozi wa sala, alipita kutoa pole. Ameshika kazi hiyo tangu mapadri wa kwanza.  Aliposikia mpango akasema kwamba yeye ataongoza sala tu, mengine ni ya nyumba yetu.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Misa ndefu. Nilipokea komunyo pamoja na wengine. Nilijaribu kukumbuka sauti ya yaya. Nilipata viatu vyake tu, jinsi alivyovivua kabla ya kuvuka kijito na kuvibeba kichwani, na mimi mgongoni.

Mvua usiku kucha.

Jumamosi, 2 Novemba

Lazima niandike yote kwa utaratibu.

Makaburi yalikuwa yamepaliwa. Kila msalaba na maua yake, hata ule ambao jina lake limefutika. Bwana Mapema alikuja na kofia yake ngumu, akasimama kwenye kivuli cha michikichi. Mimi kando. Shati jeupe. Mama alikuwa mbele, ameketi kwenye udongo pamoja na wafiwa wengine, nguo yake imegeuzwa ndani nje. Hakunitazama hata mara moja.

Mzee Emile akaanza sala. Kisha majina. Mtu mmoja akamtaja dada yake — "Clémentine!" — watu wakajibu, "Tumesikia." Nikatafsiri: dada yake, amekufa katika uzazi. Akatajwa mtoto. Akatajwa mzee wa kwaya. Sauti ya watu ilikuwa ile ya kila mwaka, ya upole, kama watu wanaoitikia wakiwa bado wana usingizi. Bwana Mapema alianza kupiga miayo. Aliangalia saa yake. Nikawaza: itapita.

Mjomba akasimama. Akakohoa kweli kweli. Katikati ya kikohozi akatia jina, dogo kabisa. Hata mimi niliyelingoja nilisikia nusu tu.

Na watu wakajibu.

Sijui nani alianza. Si mpango wa mtu. Yaya kabla ya kwenda Wamaza alifundisha katekisimu hapa Kasongo miaka mingi, na nusu ya watu wale walisimama mbele yake wakijibu maswali yake kwa sauti moja. Walijibu hivyo hivyo. "TUMESIKIA!" Kama darasa. Ndege waliruka kutoka michikichini. Wanaume wazima walivua kofia. Mama Ernestine alipiga kigelegele kimoja, akakikata. 

Tungeweza kumficha mbele ya Muzungu kwa kunong'ona wote. Hakuna aliyefikiri kuliambia kanisa linong'one.

Bwana Mapema alikuwa amekwisha kuacha miayo. "Huyo ni nani?"

Nikasema, mwalimu wa dini wa zamani.

"Jina?"

Nikasema jina. Ningesema nini? Watu mia tatu walikuwa wamekwisha kulijibu. Aliwaza. Nikaona anapolikuta jina kichwani mwake, kama mtu anayekuta ufunguo mfukoni.

"Na aliyelitaja?"

"Mjomba wake."

"Mjomba," akasema. Akanitazama kwa furaha ya mwanafunzi aliyekumbuka somo. "Je, kuna ndugu?"

Nikasema sijui, Bwana.

Sijui! Mama alikuwa hatua chache kutoka pale, wanawake wamekwisha kumzunguka na wembe, wanamnyoa. Nywele zake zilianguka kwenye udongo. Nyeupe kuliko nilivyodhani.

Polisi walimchukua mjomba palepale. Aliondoka akiwaambia kwamba kikohozi chake kinaambukiza, wasimkaribie.

Jumapili, 3 Novemba

Mjomba amelala kifungoni, lakini hakupigwa. Polisi Fidèle aliniambia.

Misani watu walinisalimu vizuri mno. Polepole, kama mtu anayemsalimu mgonjwa. Mama ameoga mtoni. Amelala kitandani. Amekula chumvi. Mama Mwamvita ndiye aliyempikia, kuku mzima, na akamwambia, "Kula, dada yangu, Mungu ameonja kwanza." Nilifika, nikakaa. Hatukuzungumza habari ya jana. Nilipoaga mama alinifunga kifungo cha shati kilichofunguka.

Nafikiri nilipaswa kusikia kitu wakati ule. Nilisikia vidole tu.

Jumatatu, 4 Novemba

Saa sita imepita. Bwana Mapema amekwenda kula. Naandika biro, dirisha wazi.

Asubuhi alimwita mama. Ameamua kuwaapisha watu wote kwa Injili. Amesema Wakristo hawataweza kudanganya juu ya Injili. Mama aliingia na kichwa chake kipya, kidogo. Aliweka mkono juu ya kitabu kabla sijamwambia.

Akasema niulize jina. Niliuliza.

"Apolline, Bwana Karani."

Bwana Karani. Aliita vizuri, bila kujikwaa, kama ameita hivyo maisha yake yote.

Nani alimtuma Dominique ataje? "Mimi. Ni kaka yangu. Nilimusumbua mpaka akakubali."

Kwa nini mjomba, si ndugu? Watoto wake ni wangapi?

Alitazama mkono wake juu ya kitabu. Mama huyu ambaye akikosa komunyo hula kidogo siku nzima kwa aibu.

"Nilizaa mumoja tu. Ni ule alikufa."

Nikatafsiri. Sauti yangu ilitoka kawaida. Mmoja tu.

Bwana Mapema akaweka kalamu chini. Kisha akasema — na alisema kwa moyo, lazima niandike ukweli — nimwambie kwamba amesikitika kwa ajili ya mtoto wake wa pekee. Nikamwambia mama hivyo. Akainamisha kichwa. "Umwambie asante."

Aliachwa huru. Hakwenda nyumbani. Ameketi uani, chini ya ukuta, anamngoja mjomba. Kwa maana mjomba hatoki bado: saa nane ataapishwa mtu wa mwisho, kuhakikisha hesabu ya watoto. Mzee Emile.

Amefika sasa hivi, mapema, na koti lake la sikukuu. Nilimwona amepiga goti kando ya mama. Mama alisema naye kwa muda, amemshika mikono miwili. Mzee alikuwa anatikisa kichwa. Si kwa hasira. Kama mtu anayekataa chakula kwa sababu tumbo haliruhusu.

Kisha akaja dirishani kwangu.

"Mutoto wangu, mimi nilikushika siku ya ubatizo. Wewe na ule mwingine. Miaka hii yote nimefunga kinywa kwa ajili yako, na ningekifunga mpaka kaburini. Lakini juu ya Injili sijui kudanganya. Nilijaribu jana, peke yangu, na kitabu mbele yangu. Haitoki."

Nikauliza, "Na mama? Amekwisha kuapa, baba."

"Najua. Amelipa mbele ya Mungu kitu ambacho mimi sina." Akashika ukingo wa dirisha. "Nitasema kweli, kwa Kiswahili. Ule Muzungu hasikii Kiswahili. Wewe ndiwe unasikia zote mbili."

Alisema hivyo tu. Akaenda kuketi karibu na mama, na mama akasogea kumpa nafasi kwenye kivuli.

Kengele. Bwana Mapema anapanda ngazi, anafuta mdomo kwa leso. Polisi Fidèle anamwinua mzee. Mama amesimama pia, ingawa hakuna aliyemwita. Ananitazama — mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Nimepanga kiti na karatasi. Nimeweka Injili mahali pake. Kwa Kifaransa, wawili ni neno fupi sana; mmoja ni fupi zaidi.