Ukutani Mpaka Mwenyewe Aje

Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Leo nitakueleza yote, hata yale niliyokatazwa.

Unajua kwamba Baba alichana picha zako zote ulipoolewa bila ridhaa yake. Alisahau kopo la filamu za kamera ya marehemu Babu, ambamo sura yako ilibaki. Nilikata dirisha kwenye boksi la viatu, nikalifunika kwa karatasi nyeupe, nikawasha tochi ndani, nikalaza filamu juu na kuipiga picha kwa simu ya Mama. Mwanzoni ulikuwa na meno meusi na nywele nyeupe, mpaka nilipogeuza rangi.

Nilimwonyesha Bibi, ambaye miaka yote hii hajakutaja. Aliitazama, akasema, "Mwanangu kidoti chake kiko shavu la kushoto."

Kweli, nilikuwa nimeilaza filamu kinyume. Nikarudia, nikachapisha picha na kuitundika sebuleni.

Baba akaitoa. Nikatundika nyingine. Akaitoa hiyo pia, akaniuliza, "Wewe binti, unashindana na mimi?"

"Hapana, Baba. Ila filamu ninayo, na kesho nitatundika nyingine."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Leo umempata kiboko yako," akamwambia.

Baba akanirudishia picha. "Basi ikae hapo mpaka mwenyewe aje aitoe."

Nimeipigilia msumari mrefu zaidi. Bibi huifuta vumbi kila asubuhi, ingawa halina muda wa kuingia.

Nijibu upesi, Shangazi: utakuja lini kuitoa?

Ni mimi,
binti wa kaka yako