Siku Plagi Ilipolowa

Mjukuu wangu Baraka,

Tunakusalimu kutoka Namuwongo. Goti la bibi yako limepata nafuu, na dada yako amejifungua salama.

Unauliza kwa nini pikipiki yako ya matairi matatu huzima mvua ikinyesha. Maji huingia kwenye kofia ya plagi, cheche ikapotea. Usibonyeze stata mfululizo, utamaliza betri. Ifute plagi, kisha ngoja ikauke.

Mimi nilijifunza kungoja siku nilipobeba jeneza la jirani yetu Musafiri kwenye pikipiki yangu ya matairi matatu. Injini ilizimikia kwenye dimbwi karibu na reli. Mjane wake, Mama Neema, aliketi kando ya jeneza. Tangu msiba hakuwa amesema neno. Nilipochomoa plagi, alinipa kitambaa chake cha kichwa niifutie.

"Huyu aliogopa mvua kama paka," akasema, akacheka kidogo. Akaanza kusimulia yeye na mumewe walivyokutana sokoni Kikuubo, wamejibanza chini ya turubai moja.

Plagi ilikauka, injini ikanguruma. Akanishika mkono.

"Papa, zima kwanza. Sijamaliza."

Nikazima, nikamsikiliza mpaka mwisho.

Wasalimie wanaokupikia chai huko Gulu.

Babu yako