Marta Alibaki Igawa

Mpendwa Mshauri, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi naingoja ya kwako, naomba msaada kwa sababu nyumbani kwangu kumeingia jambo nisilolielewa, na usidhani ni nyumba ya ovyo, mimi ndiye mwanamke wa kwanza mtaani kwetu hapa Mbeya kupata cheti cha elimu ya watu wazima, na mwanangu Isakwisa anasomea ualimu huko Iringa, akili zile hakuziokota.

Nina binti, Marta, miaka minane, nilimchukua hajaota meno alipofariki mdogo wangu Ikupa aliyemzaa, na baba yake ni mhandisi wa kizungu aliyekuja kujenga barabara kuu, ilipokwisha akaondoka. Kwangu Marta ni mtoto, basi. Nilipiga marufuku neno chotara, neno mweupe, lolote la rangi, na watoto wakimwita mzungu namwambia hujasikia kitu, sisi hatuoni rangi, na kila Jumamosi namnyoa kipara nywele zile zisimletee maneno. Wengi wamenisifu.

Mwezi uliopita tulikwenda kumwona Isakwisa, basi likasimama kituo cha Igawa ili watu wapate kula, nikanunua maandazi, kugeuka Marta hayupo. Nilipiga kelele watu wakajaa. Mzee mmoja mfugaji, Msukuma, wanamwita Shigela, akaniuliza, "Mama, yukoje?"

Nikasema ni mtoto kama watoto wengine.

"Wengine wepi? Mimi ndama wangu akipotea nasema ni mwekundu, ana baka jeupe begani. Wa kwako je?"

Watu wakacheka, nikakasirika, nikamwambia mwanangu si ndama. Ndipo mama muuza mchele akasema, "Kuna katoto keupe kamekaa kimya nyuma ya magunia yangu, au ndiye?" Na mimi, Mshauri, kwa hasira na kwa mazoea, nikajibu kwa sauti, "Huyo si wangu! Wangu ni mtoto wa kawaida!"

Alikuwa yeye. Hatua tatu kutoka niliposimama, macho wazi, amesikia yote.

Tangu siku hiyo anakula, anafagia, anakwenda shule, lakini ukimwita Marta hageuki. Nikimwuliza ananijibu kwa adabu kabisa, "Marta alibaki Igawa, mama. Yupo nyuma ya magunia." Akiandaa chakula anapunguza sahani moja. Juzi nilimsikia anaongea peke yake jikoni, nikachungulia, akaniambia, "Anauliza mnakuja lini." Baba Isakwisa, aliyedhani ni mchezo wa kitoto, hacheki tena. Na mimi, naandika kwa aibu, kuna wakati namtazama mchana jua likiwaka nawaza, niliyempandisha basi ni nani? Nimpeleke kwa mganga, au nizidi kunyamazia habari za rangi mpaka asahau?

Mama Isakwisa, Mbeya

JIBU

Mama Isakwisa, marahaba, na hongera kwa cheti. Umemlea mtoto wa marehemu, na mapenzi yako siyatilii shaka. Lakini unasema huoni rangi, mbona wembe unaujua ulipo? Rangi unaiona kila Jumamosi. Ulichomfundisha Marta ni kwamba alivyo ni kitu kibaya mno hata mama hawezi kukitaja. Anatukanwa, anasikia, ukimwambia hajasikia, unamwacha peke yake na tusi. Mzee Shigela alikuuliza swali la maana, wewe ukaona umedharauliwa.

Mganga wa nini? Mtoto hajapagawa. Anakutii. Ulisema huyo si wako, naye amekubali.

Tupa wembe, nywele ziote, tafuta wa kumsuka. Mweleze Ikupa alikuwa nani na baba yake nani, kwa majina, na akiuliza zaidi jibu siku hiyo hiyo. Wakimwita mzungu, nenda kwa wazazi wao, Marta ukiwa umemshika mkono.

Kisha pandeni basi mshuke Igawa, mchana, watu wakiwepo. Yeye akae palipokuwa na magunia, wewe simama pale pale uliposimama. Sema kwa sauti ile ile uliyomkania: "Namtafuta mwanangu Marta, mtoto wa Ikupa, ni mweupe, ana miaka minane, nywele ndiyo kwanza zinaanza kuota. Huyo ni wangu." Watu watakushangaa, waache washangae. Usimvute mkono. Basi likitaka kuondoka, liondoke. Wewe ngoja hapo hapo mpaka ainuke mwenyewe.