Baba Alipovaa Mchuchumio

Kwa Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umelala vya kutosha, maana Mama anasema sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyechoka. Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo, anakikana huku akikohoa. Mimi nimemaliza mitihani, hesabu tusiizungumzie.

Sasa keti kwanza. Nina habari za Baba.

Unakumbuka ulivyomwandikia Mama kwamba umepata kazi ya mapokezi pale zahanati, lakini viatu vya kike vya saizi yako havipatikani, unajibana kwenye vidogo mpaka vidole vinakufa ganzi? Mama aliisoma barua ile kwa sauti mezani. Baba, ambaye tangu ulipotuambia kuwa wewe ni binti, si mwana wa kiume, alikuwa hajakutaja kwa miaka miwili, alijifanya anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Kesho yake nilipompelekea chai karakanani, nilimkuta ameshusha kalibu zako, yale maumbo ya mbao ya miguu yako anayoshonea viatu. Mteja akihama, Baba huzifanya kalibu zake kuni. Zako alikuwa amezifunga kwenye kitambaa safi.

Alishona wiki tatu bila kusema ni vya nani. Vyekundu, Dada! Vya mchuchumio! Na unajua Baba hatoi kiatu bila kujua kinabana wapi, na mguu wako ni wake mtupu, saizi na umbo. Basi Alhamisi alifunga mlango, akavivaa, akaanza kutembea ameshika meza kama mtoto anayesimama dede. Mlango aliufunga, dirisha akalisahau. Fundi saa wa jirani akamwona, akaita wateja wake wote. Wakamuuliza bwana harusi ni nani. Mmoja akampigia mbinja, akamwambia azungushe kiuno kidogo. Mimi nilikuwa stoo na kitabu changu, nikacheka mpaka nikajiuma mkono. Baba alivivua polepole, akavifuta.

Jioni hakugusa chakula. Kisha akasema, kana kwamba anaongea na bakuli, kuwa wamemcheka dakika tano tu, akavua viatu, akawa tena mzee wa heshima anayeamkiwa mtaa mzima. Akauliza, je, huyu mtoto wangu yeye avue nini ili wamwache? Mama alilia, akasingizia pilipili.

Sasa viatu viko dirishani. Mke wa daktari alivitaka, akaambiwa vina mwenyewe. Fundi saa akauliza mwenyewe nani. Baba akajibu, kwa sauti iliyomfikia muuza magazeti ng'ambo ya barabara, kwamba ni vya binti yake, na anayetaka kucheka aingie ndani apigwe soli. Fundi saa akaulizia bei ya kandambili.

Anakutaka nyumbani Jumamosi. Ameniagiza niandike mimi, kwa kuwa mkono wake, anasema, ni wa nyundo.

Lakini kabla hujafunga mkoba, nina langu la kuungama. Siku ile uliponiletea kamusi shuleni, sikuwa mgonjwa kama nilivyokuambia. Nilikuona kutoka darasani, ghorofani. Mlinzi aliwapitisha wageni wengine wote, wewe akakusimamisha juani, akigeuza kitambulisho chako huku na huku, akiwaita wenzake waje waione picha. Rafiki yangu akaniuliza kama namjua mtu yule. Nikasema simjui. Nikafungua kitabu, sikusoma hata mstari. Lango lile mimi hupita kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni nani. Ningeshuka tu nikakushika mkono, ungepita. Sikushuka. Nisamehe, Dada.

Jana nilimwambia rafiki yangu ukweli. Akauliza kama ndiwe mwenye vile viatu vyekundu, maana mama yake, yule mke wa daktari, havilalii usingizi. Tulicheka mpaka tukafukuzwa maktabani.

Mama anakusalimu sana. Baba naye anauliza kila baada ya nusu saa kama nimemaliza kuandika.

Jumamosi saa nne nitakuwa kituo cha basi, nimevaa sare ya shule. Ukishuka, nitakuita Dada mbele ya watu wote. Unajua sauti yangu ilivyo ndogo, kwa hiyo nafanya mazoezi bafuni. Mama amebisha hodi mara mbili kuuliza kama nimeteleza.

Ni mimi mdogo wako,
Panya wa Vitabu