Saini ya Baba Yake Irakoze

Nyamianda, Uvira
Tarehe 11 Machi 2024

Mpendwa Yaya Georgette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu weye, shemeki Michée na watoto wote wa hapo Ndola. Goti lako limepoa? Huku tuko wazima. Ziwa limepanda tena, limefika kwenye uzio wa jirani. Mama anakula vizuri na anakutaja kila siku.

Ningependa niishie kwenye salamu, maana habari inayofuata inachukiza hata kuiandika.

Unakumbuka daktari alisema jicho la kushoto la Irakoze lisipopasuliwa kabla ya Pasaka litazimika, na weye ukatupatia nafasi kwenye hospitali ya huko. Ilibaki karatasi moja, autorisation parentale, ruhusa ya mzazi. Kwa kuwa ndugu yetu Marie, mama yake Irakoze, hayupo tena, baba wa mtoto anapaswa kusaini kwamba anakubali avuke mpaka pamoja nami. Bila hiyo, hakuna paspoti wala safari.

Mwezi wa kwanza nilikwenda Runingu kumtafuta Gratien. Tangu tumzike Marie miaka sita iliyopita, Irakoze akiwa na miaka mitano, hajaja kumwona mtoto wake hata siku moja. Nilimkuta kwenye shamba la muhogo. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, kumbe akakubali mara moja. "Niachie karatasi, nitaijaza minye mwenyewe," akasema. "Jumatano tukutane kwenye biro ya paspoti." Nikamwachia, nikarudi nikimshukuru Mungu, mjinga mimi.

Jumatano nilipofika na Irakoze, Gratien alikuwa ameisha kukaa mbele ya meza, pembeni yake msichana mwenye nguo mpya. Ni Olga, mtoto aliyemzaa na mke wake wa sasa. Olga na Irakoze wamepishana miezi mitano, hesabu mwenyewe. Karatasi ilikuwa na jina la Irakoze na picha ya Olga.

Bwana Pierre, mkubwa wa biro hiyo, akamuuliza mtoto kama anavyowauliza wote: "Weye unaitwa nani?"

Mtoto akamtazama baba yake. "Ninaitwa Olga. Papa amesema leo nijiite Irakoze."

"Ni majina ya nyumbani tu," Gratien akasema huku anacheka.

Irakoze, ambaye siku hizi haoni vizuri sura ya muntu kwa mbali, akanivuta mkono. "Tantine, yule ni papa? Sauti ni yake."

Gratien alimsikia. Hakugeuka.

Bwana Pierre aliizuia ile karatasi, akamwambia Gratien atoke. Nje Gratien alinifuata. "Florentine, usilete kelele," akasema. "Georgette hajawahi kumwona Irakoze, hatajua tofauti. Huyu wangu iko na akili, akifika kule atasoma. Huyo wako, jicho moja linamtosha kulima." Aliyasema mtoto amesimama kati yetu. Nilimuuliza kama atasaini karatasi ya kweli. Akajibu kwamba akisaini, atasaini ya Olga.

Basi nilikwenda kwa jaji wa watoto na cheti cha kifo cha Marie pamoja na ile karatasi ya uongo, aliyonipa Bwana Pierre. Gratien aliitwa mara mbili, hakuja. Mara ya tatu akaja na suti, akasema nimemwibia mtoto wake anayempenda. Jaji, mama mmoja asiyepaza sauti, akamuuliza, "Jicho linalomuuma mtoto wako ni lipi?"

Gratien akafikiri. "La kuume."

Jaji akaandika jibu hilo. Mwisho wa mwezi wa pili alitupa ruhusa mahali pa saini ya baba, na paspoti tumeipata leo asubuhi. Alhamisi tunapanda boti pale Kalundu, tutashukia Mpulungu. Tafadhali shemeki aje kutupokea.

Gratien akikupigia simu, usimsikilize. Ataongea kwa sauti tamu. Minye hata jina lake nikiliandika natamani kunawa mikono.

Liko jambo moja bado. Watu wa Runingu wanasema Olga alichapwa vibaya kwa kusema jina lake. Irakoze amesikia. Ameniomba nikuulize kama siku moja Olga naye anaweza kuja kwako. Nilishindwa kumjibu, kwa sababu nikimwona yule mtoto namwona baba yake, na najua si haki. Mjibu weye tukifika.

Wasalimie wanao Onesphore na Herménégilde. Mama anakubariki. Mungu awafunike mpaka tuonane.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,
Florentine